Usukani Uliogoma Kushoto

Sijui kama jambo kama hili linafaa kuandikwa. Shule yangu iliishia darasa la nane, na watu wanaoandika maisha yao huwa wamepitia vita, au ng'ambo, au ndoa mbaya. Mimi nina gari. Lakini nimezoea kuandika kidogo kila siku, hata kama ni habari ya mvua na kuku, basi na hili nitaliandika. Nitajaribu kumtendea haki kila aliyehusika, pamoja na gari lenyewe.

Ni gari dogo, fupi, la kuvuta kwa magurudumu yote manne, na umri wake ni wa mtu mwenye watoto wa sekondari. Marehemu mume wangu alilinunua pamoja na kaka yake mkubwa, shemeji yangu, kwa ajili ya biashara ya omena, wale dagaa wadogo wa ziwani. Tulikuwa tunawachukua Rusinga wakiwa wamekauka na kuwapeleka Osiri, kwenye machimbo ya dhahabu, ambako mtu akitoka shimoni hachagui chakula, anachagua kiasi. Mume wangu alipofariki nilijifunza kuendesha kwa lazima. Nilijifunza vibaya kwanza, halafu vizuri. Hilo la pili naliandika kwa sababu ni kweli, ingawa mkono wangu unasitasita kuliandika.

Gari hilo lilikuwa na tabia moja tu mbaya, nayo ni uzito wa usukani. Hakuna kitu kilichokuwa kinakusaidia kugeuza magurudumu isipokuwa mabega yako. Likiwa limesimama na magunia yamejaa nyuma, ulikuwa unainuka kwenye kiti na kuvuta kwa mgongo, kama mtu anayeng'oa muhogo. Na barabara mbaya ilikuwa inarudisha kila kitu mkononi mwako. Gurudumu likigonga jiwe, usukani nao unakugonga wewe.

Siku yenyewe nilikuwa Lambwe, kwetu nilikozaliwa, nimepeleka gunia moja kwa dada yangu. Udongo mweusi wa kule ukinyeshewa unakuwa uji, na jua likiupata unakauka na alama zote za magurudumu ndani yake, ngumu kama matofali. Gurudumu la mbele liliingia kwenye alama moja, likakutana na kisiki, usukani ukazunguka peke yake kwa kasi na chuma chake kimoja cha katikati kikanipiga kifundo cha mkono wa kushoto. Nilisikia mlio mdogo tu. Nikaendesha mpaka kwa dada kwa mkono mmoja, nikashuka, ndipo nikakaa chini kwenye nyasi.

Shemeji ndiye aliyekuja kunichukua. Alinipeleka hospitali, akakaa kwenye benchi mpaka mkono ukafungwa plasta, na njiani kurudi hakusema neno lolote la kunilaumu. Nayaweka haya mbele kwa sababu ya yale yanayofuata. Mtu akisoma yanayofuata bila haya, atamwona shemeji kuwa mtu mbaya, na si mtu mbaya.

Plasta ilipotolewa mkono ulikuwa mwembamba kama wa mtu mwingine. Shemeji alikuja nyumbani kwangu, nje kidogo ya mji wa Homa Bay, akakataa chai mara ya kwanza, akakubali mara ya pili, kisha akanieleza alichofikiri. Alikuwa na dereva wake, mtu mzima aliyewahi kuendesha trekta la miwa, mwenye mikono ambayo ukisalimiana naye unahesabu vidole baadaye. Kuanzia sasa huyo ndiye angeendesha gari. Mimi ningekaa Osiri nikiuza.

Nilimwambia mkono utapona.

"Nyar Lambwe," akasema. Ndivyo anavyoniita, binti wa Lambwe, tangu nilipoolewa. "Mimi nimezika ndugu yangu. Sitaki nikuzike na wewe kwa sababu ya omena."

Lakini nilijua, na nadhani yeye pia alijua, kwamba katika biashara yetu anayeshika usukani ndiye mwenye biashara. Anayefika ufuoni ndiye anayeingiza mkono kwenye omena na kujua kama wamechanganyika na mchanga, ndiye akina mama wa Rusinga wanayemfahamu na kumwekea walio safi. Anayengoja Osiri anauza alicholetewa. Ningekuwa mtu wa kungoja. Watoto wangu wangekuwa watoto wa mtu anayengoja.

Nikamwambia nipe mpaka giza la mwezi. Omena huvuliwa kwa taa, usiku usio na mwezi. Mwezi ukiwa mkubwa mashua nyingi zinapumzika na gari linapumzika. Nilikuwa nimesikia kwamba gari kama letu linaweza kuwekewa pawa stering, pampu inayozungushwa na mkanda wa injini na kusukuma oili kwa nguvu mpaka kwenye boksi ya usukani, ili boksi ifanye kazi ya mabega. Shemeji alicheka, si kwa dharau. Alisema gari lile ni dogo hata kwa kubeba redio. Lakini alikubali.

"Giza likirudi tutaenda Rusinga sote watatu. Ukigeuza gari pale ufuoni likiwa na mzigo, ni lako. Ukishindwa, unampa dereva ufunguo na hatuongei tena."

Nikasema sawa. Ndani yangu nilisema mambo mengine.

Fundi nilimpata Migori. Homa Bay wako mafundi, lakini Migori, kwa sababu ya machimbo, kuna watu waliozoea mashine ngumu, za kusaga mawe na za kutoboa. Fundi wangu ni Msabato, mtu wa miaka yangu, anayefanya kazi akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya puani. Alifungua boneti, akatazama kwa muda mrefu, akaingiza mkono huku na kule kama mtu anayetafuta yai chini ya kuku anayelalia.

"Nafasi hakuna, mama," akasema. Halafu, "Nitaitengeneza."

Na akaitengeneza kweli. Alipata boksi na pampu kutoka gari la ukoo huohuo lakini la miaka ya baadaye, lililopata ajali na kuishia kwenye yadi ya vipuri. Alihamisha betri. Alichomelea kipande cha chuma kwenye chesisi ili boksi mpya ikae, kwa sababu ilikuwa nene kuliko ya zamani. Pampu ilipokataa kulingana na puli ya injini, alitengeneza braketi, akaijaribu, akaitupa, akatengeneza nyingine. Fimbo inayotoka kwenye usukani kwenda kwenye boksi ilikuwa ndefu kupita kiasi, na mtu mmoja pale gereji akasema ikatwe ichomelewe. Fundi aliacha kuimba. Alisema katika gereji yake fimbo ya usukani haichomelewi, akaenda kutafuta nyingine yenye viungo vyake na bolti zake. Kwa hilo peke yake nitamtetea mbele ya mtu yeyote.

Kilichobaki kilikuwa mpira wa presha, ule unaopeleka oili kutoka kwenye pampu. Wa zamani ulikuwa umepasuka kwenye ajali. Kuna mfanyabiashara Mwislamu pale mjini, mzee kutoka upande wa Isiolo, mwenye mashine ya kubana mipira ya presha kwa ajili ya watu wa machimbo. Ilikuwa Ijumaa. Nilifika kwake akiwa anateremsha mlango wa chuma kwenda msikitini.

Nilimwomba dakika chache tu. Akaniambia kwa upole kwamba hizo chache ndizo alizobakiwa nazo, na si zake. Nikakaa kwenye ngazi ya duka lake nikingoja. Aliporudi alikula kwanza, maana na yeye ni mtu, ndipo akapima, akakata, akabana, akavuta ule mpira kwa nguvu zake zote mbele yangu ili nione hautoki kwenye kichwa chake.

Nilipoufikisha gereji jua lilikuwa limeanza kushuka, na fundi hakuwa anaimba. Sabato yake huanza jua linapotua, na spana zake lazima ziwe zimeoshwa kabla ya hapo. Mke wake alikuwa ameshapiga simu kuuliza kama ameoga. Mimi, Mkatoliki, nilikuwa nimebanwa katikati ya Ijumaa ya mmoja na Jumamosi ya mwingine, wote wawili wakiwa watu wa Mungu na mimi nikiwa mtu wa haraka.

Alifanya kazi haraka. Akafunga mpira, akapachika mkono wa boksi, kile chuma kinachotoka chini yake na kusukuma magurudumu, akakaza nati yake mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Akajaza oili, gari likiwa juu ya jeki, akazungusha usukani huku na huku mpaka povu likatulia. Usukani ulikuwa umekaa upande, akauvua na kuurudisha ukae wima. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nikitazama jua kuliko yeye, na nikisema kila mara kwamba bado liko juu. Halikuwa juu. Lilikuwa linagusa mabati ya jirani.

"Gari iko tayari," akasema, akanawa, akawa mtu wa Sabato.

Nataka kusema jinsi ilivyokuwa kutoka Migori kwenda Homa Bay jioni ile, lakini naogopa kuonekana nimezidisha. Nilikuwa naendesha kwa vidole. Pale Rongo nilipogeuka nilicheka peke yangu, mwanamke mzima, kwenye gari tupu. Kila shimo lililokuwa linanipiga mkononi sasa lilikuwa linasikika mbali, kama ugomvi wa nyumba ya jirani. Nilisema asante kwa sauti, sijui nilikuwa namwambia nani.

Kisha nikafika kwangu. Lango langu liko upande wa kushoto wa njia, na njia yenyewe ni nyembamba, kwa hiyo lazima ukate kushoto mpaka mwisho ndipo gari liingie. Nilikata. Usukani ukaenda vizuri, vizuri, halafu ukakataa, pampu ikatoa mlio kama wa ndama aliyefungwa mbali na mama yake, na pua ya gari ikaelekea nguzo ya lango badala ya katikati. Nikarudi nyuma, nikakata tena. Ikawa vilevile. Niliingia kwa kurudi nyuma na kwenda mbele, watoto wakitazama.

Sasa fikiria wewe. Ni mkono gani uliovunjika? Wa kushoto. Ukikata kushoto ni mkono gani unaovuta usukani chini? Wa kushoto. Mtu aliye na akili ya kawaida angeamua nini? Mimi niliamua kwamba mkono wangu haufiki mwisho, na ule mlio wa pampu ulikuwa wa kunilalamikia. Sikuwahi kuendesha gari lenye pawa stering. Nilidhani ndivyo linavyomwambia mtu dhaifu kwamba ni dhaifu.

Jioni ile niliandika mstari mmoja: mkono bado.

Siku zilizofuata nilifanya mazoezi uani, kuku wakikimbia. Nilijichua mkono kwa mafuta. Kulia gari lilikuwa linazunguka kama linacheza ngoma, kushoto lilikuwa linagoma. Sikumpigia fundi simu. Ningemwambia nini, kwamba ametengeneza vizuri lakini mimi nimetengenezwa vibaya? Nilijaribu hata kuvuta kwa mikono yote miwili, na ukagoma palepale, na hata hapo sikushtuka. Nilisema labda mkono mbovu unauzuia ule mzima. Nikiyasoma hayo leo naona haya kidogo, lakini wakati ule yalikuwa na maana kabisa.

Giza la mwezi likarudi.

Tulivuka daraja la Mbita asubuhi, mimi nikiendesha, shemeji kando yangu, dereva nyuma amekunja magoti. Barabarani niliendesha vizuri na shemeji aliona. Alisema hata sauti ya gari imepungua umri. Rusinga tulinunua mzigo, nikachagua mwenyewe, magunia yakapakiwa. Kikabaki kile kilichotuleta.

Pale ufuoni magari yote hugeukia kushoto. Kulia kuna mashua zilizovutwa nchi kavu, mbele kuna maji, kushoto kuna nafasi kati ya kibanda na nyavu ambazo akina mama wameanikia omena. Ukikata mpaka mwisho unapita bila kugusa kitu. Nilikuwa nimepita hapo na ule usukani wa zamani kwa miaka, nikiung'oa kama muhogo.

Nilikata. Ukaenda, ukagoma, pampu ikalia. Gurudumu la mbele likasimama hatua ndogo tu kutoka kwenye wavu wa mama mmoja mnene aliyekuwa anageuza omena wake kwa fagio. Nikarudi nyuma, nikajaribu tena, nikasimama karibu zaidi.

Yule mama akaegemea fagio lake. "Mwenzangu," akasema, "ukitaka kuwasaga kwa gurudumu niambie mapema nilete chumvi."

Wenzake wakacheka. Mimi pia ningecheka siku nyingine. Shemeji hakucheka. Alitazama ziwani kwa muda, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kujifuta uso, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Umejaribu, nyar Lambwe. Shuka sasa."

Nikashuka. Nikampa dereva ufunguo mkononi kabisa, gari nikiwa nimelizima na kuuchomoa kwa ajili hiyo tu, ili iwe kama tulivyokubaliana. Nikasimama kando ya mama mwenye fagio. Sikulia. Nilikuwa tayari nawaza nitamwambiaje binti yangu mkubwa.

Dereva akawasha, akarudi nyuma kwa ustadi, akakata kushoto kwa mkono mmoja, kama mtu anayefungua mlango wa kwake. Usukani ukaenda, ukaenda, ukagoma. Pampu ikalia. Akaweka mkono wa pili. Niliona misuli ikiinuka mpaka kwenye bega. Gari likaenda mbele na kuingiza gurudumu juu ya ncha ya wavu, na yule mama akaipiga boneti kwa fagio.

Nilikuwa natazama gurudumu, si yeye. Kupinda kwake kulikuwa kumegoma palepale. Si karibu na pale, ni palepale lilipogoma kwangu, limepinda vilevile, halikuzidi hata kidogo.

Hapo ndipo wazo lilipokuja, na hata lilipokuja niliogopa kulisema. Pengine na yeye alikuwa na mkono mbaya. Pengine mchanga. Nilimwambia dereva arudi nyuma, anisamehe, anipe nafasi kidogo pale wazi nyuma ya mashua ambapo hakuna nyavu. Shemeji akaniuliza nataka nini tena. Nikasema nataka kuona kitu, na kama sikioni nitanyamaza.

Nikapanda. Nikakata kulia mpaka mwisho na kuendesha polepole bila kuachia usukani, mpaka gari likarudi lilipoanza. Magurudumu yakaacha duara kwenye mchanga laini. Nikarudi palepale, nikakata kushoto mpaka usukani ukagoma, nikazunguka vilevile. Halafu nikazima na kushuka.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Duara la kulia lilikuwa kama la kutosha nyumba ndogo. La kushoto lilikuwa la kutosha nyumba hiyo pamoja na jiko lake na boma la mbuzi. Mama mwenye fagio alilitazama, akatembea juu yake mpaka nusu, akasema gari hili limezaliwa kiwete.

"Sasa endesha wewe," nikamwambia dereva. "Kushoto, kwa nguvu zako zote."

Akapanda. Magurudumu yake yakapita juu ya alama zangu, ndani ya alama zangu kabisa, mzunguko wote. Alishuka akijisugua bega, akasema, "Mama, hii si mkono. Hii ni chuma imekatalia ndani."

Nikamgeukia shemeji. Nilikuwa nimepanga maneno mengi siku za nyuma, ya kumwomba na ya kumkasirikia, lakini yote yalikuwa ya mtu mwenye mkono mbovu. "Si mkono wangu," nikasema. "Mkono wangu umepona. Kitu kimefungwa vibaya, na tunapita Migori leo kikafunguliwe."

Alitembea kuzunguka yale maduara, mikono nyuma. Yeye ni mtu wa haki, ni haki yake tu inayochelewa. Akasema masharti yalikuwa kugeuza gari, na gari halijageuka. Nikasema ni kweli. Akasema lakini hata mtu wake hajaligeuza. Nikasema hilo nalo ni kweli. Akachukua ufunguo kutoka kwa dereva, akautazama, akanipa. "Tutaona huko Migori," akasema. Haikuwa ndiyo. Haikuwa hapana pia.

Tuliondoka ufuoni kwa kurudi nyuma na kwenda mbele, akina mama wakiwa wamevuta nyavu zao kutupisha.

Migori tulimkuta fundi akiimba. Nilimweleza. Kwanza alikataa, na simlaumu, kila mtu anapenda kazi yake. Alisema boksi ile ni ya gari jingine, pengine ndivyo ilivyo, kulia zaidi na kushoto kidogo, tuizoee. Zamani ningeizoea. Ningetoa samahani na kwenda zangu, nikajifunza njia zote za Homa Bay zinazogeukia kulia.

"Fundi," nikasema, "mtu aliyetengeneza hii boksi hakutengeneza gari la kwenda upande mmoja. Inue gari, toa ule mkono wa chini, tuone boksi yenyewe inaishia wapi."

Alinitazama. Nadhani sote wawili tulishangaa. Akaleta jeki.

Alipovua ule mkono wa boksi alizungusha usukani mpaka mwisho wa kushoto, akarudi mpaka mwisho wa kulia, akihesabu mizunguko kwa midomo bila sauti. Kisha akarudi nusu ya njia, pale ambapo ndipo katikati ya boksi, akaurudisha ule mkono kwenye jino lake lilelile, akachungulia. Boksi ikiwa katikati, magurudumu hayakuwa yametazama mbele; yalikuwa yametazama pembeni kidogo. Ule mkono unashikwa na meno madogo, na unaweza kuingia kwenye jino lolote utakalochagua. Ijumaa ile fundi alikuwa ameuweka kwenye jino la pembeni. Boksi ilikuwa inafika mwisho wake upande wa kushoto kabla magurudumu hayajafika. Na kwa kuwa aliuvua usukani na kuurudisha wima, hakuna jicho lililoweza kuona.

"Jino moja," akasema. Akakaa juu ya tairi. "Ijumaa ile sikuhesabu kutafuta katikati. Nilipima kwa macho."

Nikamwambia na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nikimdanganya kuhusu jua. Akatikisa kichwa. Alisema jua halikushika spana. Alisema pia, polepole, kwamba afadhali angeniacha nilale Migori hadi Jumapili kuliko kuivunja kazi ili asiivunje Sabato. Nadhani alikuwa anasema na mtu mwingine, si mimi.

Akauhamisha ule mkono jino moja, akakaza, akaweka usukani sawa, akazungusha tena akihesabu, sasa kwa sauti, ili sote tusikie kulia na kushoto zikilingana. Shemeji alikuwa amesogea akasimama nyuma yake, na alihesabu pia, niliona midomo yake ikisogea.

Gari likashushwa. Barabara ya pale mbele ya gereji ni nyembamba, ina mtaro huku na ukuta wa mabati huku. Nikapanda. Sikumwangalia mtu. Nikakata kushoto kwa mkono wa kushoto, ule ule, na usukani ukaenda mpaka pale ulipokuwa unagoma, ukapita pale, ukaendelea, na pua ya gari ikazunguka ikiwa na magunia yote nyuma mpaka nikawa natazama nilikotoka. Pampu ilinong'ona kidogo mwishoni, ikanyamaza. Dereva alipiga makofi mara moja, halafu akaona ni yeye peke yake, akaweka mikono mfukoni.

Shemeji alifungua mlango wa abiria. Dereva alisogea kama mtu anayengoja kuambiwa aende upande wangu, na shemeji akamwonyesha nyuma, kwenye magunia. Hakusema chochote cha kunipa gari. Mtu kama yeye hasemi. Aliketi, akasogeza kiti nyuma, akauliza kama Osiri tutafika soko likiwa bado limechangamka.

"Tutafika," nikasema. Nililisema bila "labda" na bila "Mungu akipenda", nikajishangaa, nikaongeza Mungu akipenda ili nisipungukiwe.

Lami ilipoisha barabara ikaanza mawe yake. Nilingoja aniambie punguza, au shika kulia, au angalia shimo, maneno aliyokuwa akiniambia tangu nilipoanza kuendesha. Sikusikia kitu. Nilipotupa jicho alikuwa amelala, kinywa wazi kidogo, kofia kwenye magoti, kichwa kikiyumba kila ninapokata kona. Nyuma dereva alikuwa analalamika kwamba omena wamemwingia shingoni.

Tulipokaribia machimbo, pale njia inapopinda kushoto katikati ya mashimo ya zamani, shemeji alishtuka na kushika dashibodi. "Tumefika pale pabaya?"

"Tumeshapita," nikasema.

Akatazama nyuma kuhakikisha. Kisha akarudisha kichwa kwenye kiti na kufunga macho tena.